Kitambaa Cheusi cha Sebuleni

Pindo alirudi nyumbani asubuhi moja akakuta sebule yake imeota miti ya chuma.

Hakuwa amekosea mlango. Kapeti lilikuwa lake, ingawa lilikuwa limekunjwa na kusukumiwa ukutani. Cherehani ilikuwa yake, imefunikwa nailoni na kufungwa kamba. Na mama aliyekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya vumbi lote lile, anakunywa chai kwa utulivu, alikuwa mama mkwe wake. Lakini kati ya sakafu na dari zilisimama nguzo za chuma, zimekazwa kwa skrubu, zimejipanga kuelekea jikoni. Juu ya nguzo, kwenye ile bimu ya zege iliyokatiza sebule kutoka ukuta huu hadi ule, wanaume wawili waliopanda jukwaa la mbao walikuwa wanabandika kitambaa cheusi.

Aliweka begi chini. Alikuwa ametoka kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji, na siku zote alizokaa huko, simu za nyumbani zilikuwa za jambo moja tu: mgonjwa kaamkaje, mgonjwa kala nini. Habari za miti ya chuma hazikutajwa.

"Shikamoo, mama," alisema, maana hata sebule ikigeuka msitu, salamu ni salamu.

"Marahaba, mwanangu. Dada anaendeleaje?"

"Hajambo. Mama, hawa ni nani?"

"Iko jikoni. Nimeiacha kwenye moto mdogo."

Sikio la kushoto la mama mkwe lilikuwa limestaafu zamani. Pindo akazunguka upande wa kulia, akainama. "Nimeuliza, hawa watu wanafanya nini?"

"Aa, hao." Mama mkwe akashusha kikombe. "Nyumba imevunjika mfupa. Wanaifunga bendeji."

"Imevunjika lini? Inaanguka?"

"Nani kaanguka?"

Pindo akaona afadhali aulize walio juu. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye glavu zilizoganda gundi mpaka zimekuwa ngumu kama viatu, akamtazama kutoka jukwaani. Wenzake walimwita Gundi, na mtu akimwona tu alijua kwa nini.

"Tunaivalisha nguo, mama," Gundi akasema, akacheka, akaendelea kupitisha rola juu ya kile kitambaa. Pale rola ilipopita, kitambaa kililowa, kikang'aa kama kiatu kipya.

Nguo ndiyo kazi ya Pindo. Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya mapindo yake, ambayo wateja walisema hayafumuki hata suruali ikichakaa. Pamba aliijua, polista aliijua, bitana, kanvasi, jinzi, vyote vilishapita mikononi mwake. Kitambaa kinavaliwa, kinatandikwa, kinaning'inizwa. Kwamba kitambaa kinaweza kuning'iniza nyumba, hilo hakuwahi kulisikia.

Akampigia simu mume wake kazini. Mume wake alikuwa mtunza ghala, na tangu utoto wake ndugu zake walimwita Kimya. Hawakumkosea.

"Nimefika," Pindo alisema.

"Karibu nyumbani."

"Kuna watu wanabandika kitambaa darini."

Kimya alivuta pumzi. "Eeh. Hao. Kaka atakueleza."

Kaka, yaani kaka mkubwa wa Kimya, alikuwa ndiye mwenye nyumba, na aliishi ghorofa ya juu. Pindo akapanda ngazi huku vumbi la zege limeshamwingia kwenye nyusi. Shemeji akampokea kwa furaha, akamuuliza habari za mgonjwa, akamtafutia kiti, ndipo akagundua kwamba mgeni wake haketi.

"Kwani Kimya hakukueleza?"

"Kanituma kwako."

Shemeji akakuna kidevu. Habari yenyewe, alisema, haikuwa ndefu. Alitaka kuongeza ghorofa nyingine juu. Alimwita injinia aikague nyumba, injinia akapima, akapiga hesabu zake, akasema nyumba ni nzima ila bimu ya kule chini, ya sebuleni kwao, nondo zake ni chache. Inabeba kilichopo. Kikiongezwa kingine, haibebi. Kwa hiyo lazima itiwe nguvu.

"Kwa kitambaa?" Pindo akauliza.

"Kwa kitambaa."

"Si kwa nondo? Si kwa zege?"

"Na mimi niliuliza hivyo hivyo, shemeji. Akanieleza vizuri sana, nikaelewa. Sasa ukiniambia nirudie..." Akafungua mikono, ikawa mitupu. "Atakuja mchana. Muulize mwenyewe."

Akashuka na maswali yale yale aliyopanda nayo, yakiwa na nyongeza. Mfupa umevunjika au haujavunjika? Nyumba nzima ni nzima, sebule yake peke yake ndiyo mbovu? Na kama bimu ni nzima kwa kilichopo, mbona imeegemezwa kwa machuma utadhani mlevi anayesindikizwa na marafiki?

Injinia alikuja mchana kweli. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia ngumu na viatu vizito, akamwamkia Pindo kwa heshima, akavua kofia. Pindo alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye tumbo na sauti. Akajikuta hajui aanzie wapi, akaokota tu kipande cha kitambaa kilichobaki sakafuni.

Kilikuwa chepesi. Nyuzi zake zote zilikwenda upande mmoja, zimeshikiliwa kwa vijiuzi vyembamba vya kukatiza. Akakivuta kwa upana, kikaachana bila ubishi.

"Hiki kinachanika," alisema.

"Upande huo, ndiyo. Jaribu kuvuta kwa urefu wa nyuzi."

Pindo akavuta. Akazungushia ncha kwenye viganja, akavuta tena kwa nguvu zake zote za mtu aliyetumia maisha yake akikata jinzi. Kitambaa hakikusogea hata kidogo.

"Ni nyuzi za kaboni," Injinia akasema. "Ngoja nikuonyeshe. Una sponji ya kuoshea vyombo?"

Sponji ikaletwa. Injinia akaichana kidogo kwa kisu upande wa chini, akaiweka juu ya vikombe viwili vilivyosimama mbalimbali, kama daraja, akabonyeza katikati kwa kidole. Sponji ikajikunja, na pale ilipochanwa pakafunguka kama mdomo.

"Ukiweka mzigo juu ya bimu, upande wa juu unajibana, upande wa chini unavutwa. Zege halina shida kubanwa. Kuvutwa ndiko lisikokuweza. Sasa tazama." Akabandika utepe wa gundi chini ya sponji, akabonyeza tena. Ule mdomo haukufunguka.

Pindo alielewa. Alielewa kabisa, kwa mara ya kwanza siku ile, akaitikia kwa kichwa kwa raha. Kisha Injinia akaendelea kuongea, akaingia kwenye mambo ya mkazo na mpindo, na kadiri alivyoeleza ndivyo lile lililoeleweka lilivyoyeyuka.

"Lakini mngekata mshazari," Pindo alisema ili naye atie neno. "Nguo ikikatwa mshazari inavutika vizuri, haimbani mtu."

"Hatutaki ivutike, mama."

"Kitambaa kisichovutika kinapasuka."

"Hiki mpaka kipasuke, mengi sana yatakuwa yameshapasuka kabla yake."

Injinia alikusudia kumtuliza. Pindo akatazama dari, akatazama cherehani yake iliyo chini ya dari.

Kazi ya kubandika ikaisha. Mafundi wakaviringisha nailoni zao, wakafagia, wakaacha nguzo za chuma zimesimama mpaka gundi ikomae. Injinia alipokuwa anaondoka, alisimama nje kando ya gari akampa Shemeji maagizo: kitambaa kisiguswe, kisitundikiwe kitu, kisitobolewe. Shemeji akampa Kimya maagizo hayo hayo Kimya aliporudi kutoka kazini. Kimya akaitikia kwa kichwa. Na hapo, kwenye kichwa cha Kimya, maagizo yakakaa.

Pindo naye alikuwa na kazi zake. Shule zilikaribia kufunguliwa na sare zilikuwa zinamngoja kwenye mfuko mkubwa kama godoro. Wazazi walianza kuja na watoto wa kupimwa, na mtoto wa kike hawezi kuvua gauni sebuleni mbele ya kila apitaye. Zamani palikuwa na pazia la maua lililogawa sebule, limetundikwa kwa waya kwenye ile bimu. Mafundi walikuwa wameling'oa pamoja na misumari yake, wakaziba matundu. Pindo akaona hilo halina haja ya kuuliza mtu. Pazia lilikuwa lake na mahali palikuwa pake.

Akapanda kiti. Mama mkwe akakishika kiti kwa mikono miwili, maana miguu ya kiti hicho haikulingana. Kitambaa sasa kilikuwa kigumu kama plastiki nene, cheusi ti. Msumari wa kwanza wa zege ukapinda. Wa pili ukaingia, na wa tatu ukaingia vizuri zaidi, kila mmoja mama mkwe akimpa kutoka kwenye fundo la kanga yake. Waya ukafungwa. Pazia likatundikwa, maua mekundu mbele ya weusi ule, na sebule kwa mara ya kwanza ikarudi kufanana na sebule ya watu.

"Sasa pamependeza," mama mkwe akasema. Pindo akakubali.

Injinia alirudi kukagua siku ambayo Kimya hakuwa na zamu. Walikuwepo wote: Shemeji ameshuka na shati la kutokea, Gundi na mwenzake wamesimama mlangoni, mama mkwe kwenye kiti chake. Injinia alikuwa na nyundo ndogo. Akapanda jukwaa walilorudi nalo mafundi akaanza kugonga kitambaa polepole, ko, ko, ko, ametega sikio. Pakigonga kwa sauti ya tupu, alieleza, maana yake hewa imebaki ndani na gundi haikushika. Pindo akasikiliza kwa makini. Kwake zote zilikuwa ko.

Injinia akafika kwenye pazia. Akalisogeza kwa ncha ya nyundo. Akatazama, akapanda kidato kimoja zaidi akatazama tena kwa karibu.

"Nani amepiga misumari hii?"

Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililotisha. Shemeji akamtazama Kimya. Kimya akatazama sakafu. Pindo hakujua amefanya nini, lakini kwa jinsi watu wazima walivyosimama, alijua amefanya kitu.

"Mimi," mama mkwe akasema.

Wote wakageuka.

"Wewe, mama?" Shemeji akauliza. "Ulipanda wapi?"

"Kwenye kiti."

Mtu hawezi kumfokea mama yake mbele ya mafundi. Shemeji akageukia dirisha. Pengine jambo lingeishia pale. Gundi alishaanza kutafuta koleo la kung'olea misumari.

Pindo alimtazama mama mkwe asimwelewe. Wawili hao waliheshimiana, lakini hawakuwa watu wa kubebana mgongoni. Walishanuniana kwa sababu ya chumvi na kwa sababu ya dirisha la kufungwa au kuachwa wazi. Je, amesikia swali? Au amesikia nani alishika kiti, nani alitoa misumari, kitu chochote ambacho jibu lake ni "mimi"? Mama mkwe alikuwa anatazama lile pazia la maua.

"Siyo mama," Pindo alisema. "Ni mimi. Mama alishika kiti tu."

"Shemeji," Shemeji akaanza, na sasa alikuwa amepata mtu wa kumsema, "nilisema kabisa kitu kile kisiguswe."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Kimya."

"Kimya, wewe ulimwambia nani?"

Kimya akanyanyua macho. "Nilidhani Kaka ameshakwambia."

"Na wewe shemeji, wakati wanaleta machuma haya, ulidhani nani ameniambia?"

Jibu lilikuwa limesimama pale pale: Kimya, na shati lake la nyumbani.

"Mimi ndiye ninayeshinda chini ya hii bimu," Pindo alisema. Hakupandisha sauti. "Nyote mnatoka, mnarudi jioni. Mimi na mama tunabaki. Nimeingia hapa nimekuta msitu. Mmoja ananiambia mfupa, mwingine anasema nguo, mwingine anasema muulize fulani. Simu ilikuwepo. Kila siku mliniuliza dada kala nini."

Alitaka kuendelea akagundua kwamba hajui kama amekasirika au anataka kulia, na kwa kuwa hajui, akakaa kwenye kapeti lililokunjwa. Kapeti likazama chini yake kwa namna isiyo ya heshima. Yule fundi mwingine akageuza uso asicheke.

Injinia akashuka jukwaani. "Na mimi nina kosa," alisema. "Maagizo niliyatoa nje, kwenye gari. Ningeingia ndani nikawaambia wanaoishi humu. Nisamehe, mama."

"Nyumba itaanguka?" Pindo akauliza.

"Hapana. Kabisa. Nguzo bado zimeshika. Misumari imekata nyuzi kadhaa, na nyuzi zilizokatwa hazivuti. Tutaitoa, tutaziba, tutabandika kiraka juu kinachozidi huku na huku, kishike nyuzi nzima za pande zote mbili."

Kiraka. Hilo Pindo alilijua. Akainuka kutoka kwenye kapeti akauliza kitazidi kiasi gani, na Injinia alipomwonyesha kwa mikono, alishangaa. Urefu ule ungetosha kushona mkono mzima wa shati. Kiraka cha suruali hakihitaji hata robo yake. Akataka kujua kwa nini, akaelezwa, akaelewa nusu. Nusu nyingine akaiacha.

Misumari ikang'olewa siku ile ile. Kiraka kikabandikwa, ngoja ngoja ikaanza upya, na mafundi wa ghorofa mpya wakaambiwa wasubiri. Shemeji alilalamika kidogo ngazini, kwa sauti ya mtu anayelalamikia hali ya hewa. Gundi, bila kuombwa, akaleta siku moja stendi aliyoiunga kwa mabomba mabovu ya maji, akatundika pazia la maua juu yake. Ilikuwa inayumba mtu akiigusa, lakini watoto wakapimwa sare zao, na bimu haikuguswa.

Asubuhi moja wakiwa wawili jikoni, Pindo akasuuza kikombe, akazunguka upande wa sikio la kulia.

"Mama, siku ile Injinia alipouliza, ulisikia alichouliza?"

"Injinia yupi?"

"Yule binti. Wa nyundo."

"Anaonekana hali vizuri yule," mama mkwe akasema. "Amekonda. Akija tena umpe chai."

"Nauliza, ulisikia swali lake?"

Mama mkwe akaendelea kufuta sahani. Akaifuta mbele, akaigeuza akaifuta nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama imetakata. "Wewe ulikuwa umetoka kuuguza," alisema mwishowe. "Mtu akitoka kuuguza anakuwa amechoka." Akaiweka sahani rafuni, akatoka. Pindo akabaki ameshika kikombe, maji yanamdondokea miguuni, asijue kama amejibiwa.

Siku ya kutoa nguzo za chuma, Injinia alisema hakuna haja ya mtu yeyote kutoka nje, ila wakae pembeni wasizuie kazi. Shemeji alitoka hata hivyo, akasema anangoja simu. Kimya aliomba ruhusa kazini, akaja akasimama karibu na mke wake. Pindo alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, akijiona mjinga kwa wa ndani na mjinga kwa wa nje. Mama mkwe alikataa kuhamisha kiti chake zaidi ya pale ukutani.

Injinia akafunga kisaa kidogo chenye mshale chini ya bimu, cha kuonyesha kama itashuka. Gundi akaanza kulegeza skrubu, nguzo moja kidogo, ya pili kidogo, akirudi ya kwanza. Chuma kililia kidogo, Pindo akashika mkono wa Kimya bila kukusudia. Nguzo zikalegea. Nguzo zikalazwa chini. Kati ya sakafu na dari pakabaki hewa tupu na vumbi.

Gundi akafuta mikono kwenye suruali.

"Bado?" Pindo akauliza.

"Tayari," Injinia akasema, akitazama mshale.

"Mbona hakuna kilichotokea?"

"Ndicho tulichotaka, mama. Kisitokee kitu."

Pindo akaingiza mguu wa pili ndani. Alikuwa amejiandaa kwa mlio, ufa, hata nderemo, akakosa vyote. Hakujua afanye nini na maandalizi yake. Akaenda akaweka chai, akampa Injinia kikombe cha kwanza kama alivyoagizwa.

Ujenzi wa ghorofa mpya ukaanza. Kutwa nzima walisikia watu wanatembea, ndoo zinaburutwa, kitu kizito kinaangushwa, na kila kikiangushwa Pindo aliinua macho kutazama ile bimu nyeusi, ambayo ilikaa tu. Wateja waliuliza ni kitu gani. Alianza na sponji na vikombe viwili, akafika katikati, akapotea, akamalizia kwa kusema kwamba ni kitambaa kigumu sana. Baadhi waliamini.

Kilichomchanganya zaidi ni Kimya. Mtu aliyekuwa hasemi akaanza kupiga simu kutoka ghalani. Kaka kasema kesho mchanga utaletwa. Kaka kasema mafundi hawaji Jumamosi. Kaka kasema maji yatafungwa kidogo lakini yatafunguliwa. Pindo akiwa na pini mdomoni na mtoto wa watu amesimama mbele yake na sketi nusu, alikuwa anaitikia "mm, mm," asijue acheke au amwombe apunguze.

Kisha alasiri moja Shemeji mwenyewe akashuka, akabisha hodi mlango uliokuwa wazi.

"Karibu, shemeji."

"Nimekuja kukuuliza jambo. Bomba la maji ya juu lazima lishuke kupitia kwenu. Linaweza kupita kona ile ya jikoni, au huku nyuma ya cherehani. Wewe ungependa lipite wapi?"

Pindo akaacha kukanyaga cherehani. Akatazama kona ya jikoni, akatazama ukuta nyuma yake. Hakuwahi kufikiria bomba. Akamtazama mama mkwe, ambaye alikuwa anachomoa uzi kutoka kwenye kifungo wala hakuinua kichwa.

"Sijui," alisema. "Nipe nafasi nifikirie."

"Haya," Shemeji akasema. Lakini hakuondoka. Akavuta kiti, akaketi chini ya bimu, akaweka mikono magotini, akangoja.